Kazi ya Mhandisi Mshauri wa Rasilimali za Maji na Umeme wa Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa uhandisi, wahandisi waliomaliza chuo karibuni, viongozi wa vijiji vyenye mito na maporomoko, na wawekezaji wadogo wanaotaka kujua mhandisi mshauri atawafanyia nini kabla hawajamlipa. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta taasisi zina majina mengine, lakini mito ina tabia zilezile.

Mhandisi mshauri wa maji hufanya nini hasa?

Humsaidia mwenye mradi kuamua, na baadaye humlindia maamuzi yake. Mwenye mradi ndiye anayelipa na kumiliki, mkandarasi ndiye anayejenga. Mshauri hupima, hukokotoa, husanifu, huandaa makabrasha ya zabuni na kusimamia ujenzi kwa niaba ya mwenye mradi. Mradi wa umeme wa maji hupita hatua ambazo kila moja inaweza kuwa mkataba wake: upembuzi wa awali, upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, zabuni, usimamizi wa ujenzi, na kipindi cha uangalizi wa kasoro baada ya mtambo kuwashwa.

Mfano ambao kila Mtanzania anaujua ni Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Mwenye mradi ni serikali kupitia TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Wakandarasi ni kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, waliosaini mkataba Desemba 2018. Usimamizi ulipewa TECU, kitengo cha ushauri wa kihandisi cha TANROADS, wakala wa barabara.

Hata hivyo, usidhani kazi zote ni mabwawa makubwa. Washauri wengi wa maji nchini huishi kwa kazi ambazo hazitangazwi kwenye taarifa ya habari: kukokotoa ukubwa wa makalavati na madaraja, banio (kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini) la skimu ya umwagiliaji, chanzo cha maji cha mji mdogo, ramani ya maeneo yanayofurika, mpango wa matumizi ya maji ya bonde. Mtu anayekokotoa kalavati kwa umakini ndiye nitakayempa bwawa.

Ni lazima niwe nimesomea uhandisi wa rasilimali za maji?

Si lazima. Wengi tuliingia kupitia uhandisi ujenzi, na wapo waliotokea uhandisi wa kilimo. Kwenye mradi wa umeme wa maji kuna pia wahandisi mitambo, wahandisi umeme, wajiolojia, wapima ardhi, wataalamu wa mazingira na wa masuala ya jamii. Kwa anayetaka kubobea kwenye maji yenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya uhandisi wa rasilimali za maji, na Chuo cha Maji kilichopo Ubungo kimezalisha mafundi sanifu ambao, kwa uzoefu wangu, ndio wanaoujua mto kwa mikono yao.

Njia ya usajili ikoje?

Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Unaanza kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi (wengi hupitia mpango wa SEAP ulioanza 2003, ambao ni wa miaka mitatu), kisha unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Ngazi ya mhandisi mshauri huja baadaye, ukishakuwa na uzoefu na kazi za kuonyesha. Kampuni ya ushauri nayo husajiliwa kivyake, kwa hiyo cheti chako binafsi hakitoshi kuombea kazi kwa jina la kampuni. Kenya kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011.

Ushauri wangu kwa mhitimu: andika kitabu chako cha mafunzo kila wiki. Ukisubiri miaka mitatu iishe ndipo ukumbuke ulichofanya, utaandika maneno ya jumla, na wanaokusaili watajua.

Kwa nini mnadai takwimu za miaka mingi? Mto si unaonekana?

Unaonekana ulivyo siku uliyokwenda. Mkopo wa mradi wa umeme hulipwa kwa miaka mingi, na mwaka utakaoamua kama deni linalipika ni mwaka wa ukame, ambao mgeni aliyefika Aprili hauoni. Kwa hiyo mteja akija ofisini, kabla ya kuongea habari za mitambo namuuliza habari za kituo cha kupima maji: kiko wapi, kilianza lini, na nani anasoma geji.

Geji ni ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa ukingoni. Msoma geji, mara nyingi mkazi wa hapohapo, huangalia kina asubuhi na jioni na kukiandika kwenye daftari. Lakini kina peke yake hakikuambii ni maji kiasi gani yanapita. Ili kukigeuza kiwe mita za ujazo kwa sekunde, lazima mtu aende mtoni mara nyingi, kiangazi na masika, apime mtiririko wenyewe, kisha achore uhusiano wa kina na mtiririko wa kituo kile.

Upimaji huo huenda hivi. Kamba yenye alama hufungwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mto hugawanywa vipande ishirini au zaidi, na katika kila kipande hupimwa upana, kina na mwendo wa maji. Penye kina kifupi, kipima mwendo hushushwa hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu. Penye kina kirefu hupimwa mara mbili, asilimia 20 na asilimia 80, na kuchukuliwa wastani. Kipande kimoja kikibeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote, vipande vyako ni vipana mno, gawa upya. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, jumlisha vipande vyote, ndio mtiririko wa siku hiyo. Mto mdogo huchukua saa kadhaa, na lazima awepo mwenzako ukingoni anayeandika namba na kuangalia mamba.

Takwimu nyingi za mito yetu zina mapengo, na zilizopo si zote za kuaminika. Msoma geji asipolipwa posho yake kwa miezi, huacha kushuka mtoni, na kuna wakati daftari hujazwa nyumbani. Hili hutambulika. Utakuta namba ileile imerudiwa wiki nzima katikati ya masika, au kina kinashuka sentimita moja kila siku kama kimepigwa rula, au tarakimu ya mwisho daima ni 0 au 5. Linganisha na mvua ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kituo cha jirani kwenye mto huohuo. Mvua kubwa ikinyesha bondeni na kina kisicheze, daftari limekosea. Namna bora ya kumaliza tatizo hili ni kumlipa msoma geji kwa wakati. Mimi huweka posho yake kwenye bajeti ya kila upembuzi, na mteja akitaka kuikata namweleza kwamba hapo anakata msingi wa mradi wake.

Kijijini kwetu kuna maporomoko. Nitajuaje kama yanafaa kwa umeme?

Unahitaji vitu viwili: kiasi cha maji cha kiangazi, na kimo cha kuanguka. Nguvu kwa kilowati ni 9.81 mara mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde, mara kimo kwa mita, mara ufanisi wa mitambo. Kwa mtambo mdogo wa kijiji, chukua ufanisi wa asilimia 70 hivi, hesabu inabaki kuwa mtiririko mara kimo mara 7. Kijito chenye mita za ujazo 0.3 kwa sekunde mwezi Oktoba na kimo cha mita 40 kitakupa kilowati 84 hivi. Hizo zinatosha taa za kaya nyingi, mashine ya kusaga na zahanati, lakini si kiwanda.

Mtiririko wa awali unaweza kuupima kwa chungwa. Tafuta sehemu iliyonyooka ya mita kumi au zaidi, tupa chungwa katikati ya maji, pima sekunde linazotumia. Chungwa ni zuri kwa sababu huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Mwendo uliopata uzidishe kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha zidisha kwa eneo la mkato wa kijito. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Kimo pimisha kwa levo ya mpima ardhi. Simu inaweza kukosea mita nyingi, na katika mradi wa mita 40 kosa hilo ni pesa.

Fanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mmoja, andika tarehe na namba, ndipo umtafute mshauri. Atakuheshimu, na gharama yake itapungua.

Aina ya mtambo hufuata kimo. Maji machache yenye kimo kikubwa huhitaji Pelton, kama Kihansi ambako maji huanguka zaidi ya mita 800. Kimo cha kati ni Francis, kama Kidatu na Bwawa la Nyerere. Kimo kidogo chenye maji mengi ni Kaplan.

Na usidhani umeme mdogo ni ndoto. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, wana kituo cha Tulila cha megawati 5 kwenye mto Ruvuma, na wanaiuzia TANESCO umeme.

Kama mto hauna takwimu kabisa?

Kuna njia, ila kila moja ina adhabu yake. Unaweza kuazima takwimu za mto jirani wenye bonde linalofanana kwa mvua, udongo na uoto, ukazipunguza au kuzikuza kwa uwiano wa eneo. Unaweza kujenga modeli ya mvua na mtiririko kwa kutumia mvua ya satelaiti. CHIRPS, kwa mfano, inaanzia 1981 na ni bure. Wazee wa kijiji nao ni chanzo: waonyeshe mti au kona ya nyumba, uulize maji ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifika wapi, kisha upime kimo cha alama hiyo kwa levo.

Hata hivyo simika geji yako siku ya kwanza ya mkataba. Mwaka mmoja wa vipimo vya mto wenyewe utakuonyesha kama ulichoazima kinafanana na ukweli.

Kwa nini Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 halitoi megawati 2,115 usiku na mchana?

Megawati ni uwezo wa mitambo yote tisa, kila mmoja megawati 235, ikizunguka kwa nguvu zote. Umeme unaopatikana kwa mwaka huamuliwa na maji. Makadirio ya mradi ni gigawati-saa 6,000 hivi kwa mwaka (gigawati-saa moja ni megawati 1,000 zikitolewa kwa saa moja), wakati mitambo ile ikizunguka mwaka mzima bila kupumzika ingetoa zaidi ya 18,000. Yaani ni kama theluthi moja. Huo si upungufu wa usanifu. Mitambo mingi huwekwa ili jioni, watu wote wanapowasha taa na majiko, bwawa litoe nguvu kubwa kwa saa chache, halafu lipumzike usiku wa manane.

Naomba waandishi wa habari na wanasiasa walishike hili. Ukiambiwa kituo kina megawati fulani, uliza mara moja: gigawati-saa ngapi kwa mwaka wa kawaida, na ngapi kwa mwaka wa ukame?

Mteja anataka namba kubwa kuliko niliyopata. Nifanyeje?

Hapa ndipo kazi hii inapopimwa, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika majibu haya.

Namba ya mtiririko ndiyo bidhaa tunayouza. Michoro, ripoti na mikutano vinasimama juu yake. Na ni rahisi sana kuikuza bila kuandika uongo hata mmoja. Unatumia wastani wa mwaka badala ya mtiririko wa kiangazi. Unaanza takwimu mwaka wenye mvua na kuziishia kabla ya ukame. Unasahau maji yanayotakiwa kuachwa mtoni kwa ajili ya mazingira na watu wanaoishi chini ya bwawa. Unadhani mtambo hautasimama kwa matengenezo hata siku moja. Unawachukulia wakulima walio juu ya bwawa kama watabaki walivyo leo kwa miaka thelathini ijayo. Kila hatua ina maelezo yake mazuri, na ukizijumlisha umempa mteja mto ambao haupo.

Tumeona mto ukibadilika mbele ya macho yetu. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu hiyo wakati wa kiangazi. Mshauri aliyekokotoa kwa takwimu za miaka ya 1960 na 1970 pekee asingeliona hilo, na atakayerudia leo kutumia takwimu hizo pekee atakuwa amefanya kwa makusudi.

Nafanya hivi, na nashauri vijana wafanye hivi. Kwanza, ripoti iwe na namba tatu zilizowekwa pamoja kwenye ukurasa wa muhtasari: mwaka wa mvua nyingi, mwaka wa kawaida, mwaka wa ukame. Pili, takwimu ghafi na hatua za kuzisafisha ziwe kiambatisho, ili mshauri mwingine aweze kurudia hesabu yangu bila kunipigia simu. Tatu, ombi la kubadilisha namba lije kwa barua, na jibu langu liende kwa barua. Mteja akileta sababu ya kihandisi, kama kipimo nilichokikosa au kituo nisichokijua, nakokotoa upya kwa furaha. Akileta sababu ya benki au ya ratiba, namba inabaki.

Kuna watakaokuondoa kazini. Inauma, hasa ukiwa na mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Lakini mradi uliojengwa juu ya maji ambayo hayapo utasimama pale kwa miaka hamsini, watu wa bonde lile wakilipia umeme usiopatikana, na sahihi ya mhandisi iko kwenye ukurasa wa kwanza.

"Mafuriko ya miaka 100" yana maana yatatokea baada ya miaka 100?

Hapana. Ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na yanaweza kuja miaka miwili mfululizo. Muundo utakaosimama miaka 30 una uwezekano wa asilimia 26 wa kukutana nayo walau mara moja. Ukimweleza mkuu wa wilaya hivyo, ataacha kushangaa kwa nini utoro wa maji wa bwawa, yaani njia ya kupitishia maji ya mafuriko, ni mkubwa hivyo.

Bwawa ambalo kuvunjika kwake kutaua watu chini yake halisanifiwi kwa mafuriko ya miaka 100 bali kwa makubwa zaidi ya hapo. Kimataifa, bwawa huhesabiwa kuwa kubwa likiwa na kimo cha mita 15 au zaidi kutoka kwenye msingi, au likiwa na mita 5 hadi 15 na kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Kuna malambo ya mifugo yanayokaribia vigezo hivyo na yamejengwa bila mhandisi. Hayo huninyima usingizi kuliko bwawa kubwa la Mtera.

Mambo ya mazingira si huchelewesha mradi tu?

Soma habari ya Kihansi kabla ya kusema hivyo. Ujenzi wa kituo kile cha megawati 180 ulianza katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza, watafiti wakamkuta chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto wakiwa hai, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Aliishi kwenye eneo dogo sana la nyasi zilizoloweshwa na rasharasha za maji yanayoanguka. Kituo kilipoanza kuzalisha, sehemu kubwa ya maji yale ikapita handakini kwenda kwenye mitambo, na korongo likakauka.

Ikabidi zifungwe nozeli za kunyunyizia maji ili kuiga rasharasha za mto. Vyura wapatao 500 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakapukutika, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa miongoni mwa sababu zinazotajwa, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliozaliwa Marekani walianza kurudishwa Tanzania 2010 na wakatunzwa maabara kabla ya kuachiwa korongoni.

Kwa mhandisi, Kihansi inafundisha jambo la ratiba. Utafiti wa viumbe ungefanyika wakati wa upembuzi, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingeingia kwenye hesabu ya umeme tangu mwanzo. Ulipofanyika wakati matingatinga yako kazini, kila lita ikawa ugomvi. Kwa hiyo siku ninapompeleka mpima ardhi porini, natamani mtaalamu wa mimea na wanyama awe kwenye gari hilohilo.

Umeme ukikosekana, wa kulaumiwa ni wakulima wa juu ya bwawa?

Lawama hiyo ilitawala miaka ya mgao iliyotokana na kushuka kwa Mtera. Wengi tunazikumbuka namba: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari bwawa likiwa limejaa, mita 690 kiwango cha chini cha kuzalisha. Vidole vilielekezwa kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Ni kweli kwamba umwagiliaji wa kiangazi umeathiri ardhioevu ya Ihefu na mto Ruaha Mkuu. Lakini watafiti walioiga kwa modeli uendeshaji wa Mtera na Kidatu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba namna maji yalivyofunguliwa bwawani nayo ilichangia sana upungufu wa miaka ya 1990.

Mshauri akifika kwenye bonde lenye ugomvi wa namna hii, apime kabla ya kuzungumza. Maji kiasi gani yanaingia kwenye kila banio, kiasi gani yanarudi mtoni, kiasi gani yanapotea kwa mvuke kwenye bwawa lenyewe? Halafu akae na jumuiya za watumia maji, si na halmashauri pekee. Mkulima aliyezaliwa pale anajua mfereji upi unavuja na ni nani anayefungua usiku.

Vibali gani vinahitajika?

Kwa Tanzania, kwa ufupi: kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde husika, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 (nchi ina mabonde tisa, na mpaka wa bonde haufuati mpaka wa mkoa), cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na leseni ya umeme kutoka EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ambayo ina utaratibu mwepesi kwa miradi midogo, pamoja na mkataba wa kawaida wa kuiuzia TANESCO. Ardhi na fidia ni safari yake, na ndiyo hula muda mrefu kuliko zote. Kenya utakwenda WRA kwa maji, NEMA kwa mazingira na EPRA kwa umeme. Mto wa pamoja una ngazi nyingine juu yake. Rusumo, megawati 80 kwenye mto Kagera, ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa sehemu sawa.

Anza na kibali cha maji. Nimeona michoro mizuri ikikaa kabatini kwa sababu maji yalishagawiwa mtu mwingine.

Kazi zinapatikanaje?

Za serikali hupitia zabuni, siku hizi kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma. Kwa kawaida mwaliko wa kuonyesha nia hutangulia, kampuni chache huchaguliwa, kisha zinaletewa hadidu za rejea na kutakiwa kuandika pendekezo la kitaalamu na la fedha. Pendekezo la kitaalamu hubebwa na watu: wasifu wa kiongozi wa timu, mtaalamu wa haidrolojia, mjiolojia. Usitumie wasifu wa mtu bila idhini yake, na usimweke mtu usiyekuwa na nia ya kumleta.

Kampuni changa hainyanyui bwawa peke yake, huingia ubia. Ukialikwa na kampuni ya nje kama mbia wa ndani, soma mgawanyo wa kazi kwa makini. Wapo wanaokutaka kwa ajili ya mhuri na gari tu. Dai sehemu ya usanifu, hata iwe ndogo, kijana wako akae na mhandisi wao kwenye hesabu. Norconsult ya Norway ilifanya tafiti za Rufiji zamani. Bwawa lilipojengwa hatimaye, usimamizi ulikuwa mikononi mwa Watanzania. Ujuzi ule ulijengwa kwa watu kukataa kuwa madereva wa wataalamu.

Malipo yakoje?

Kuna mikataba ya muda, ambapo unalipwa kwa kila mwezi wa kila mtaalamu, na mikataba ya jumla, ambapo unalipwa kwa ripoti. Kazi yenye mambo mengi yasiyojulikana, kama uchorongaji wa miamba, iombee mkataba wa muda. Kwenye bei, hesabu kodi ya zuio na VAT kabla ya kuandika namba ya mwisho. Malipo huchelewa. Weka akiba ya kuendesha ofisi miezi kadhaa bila hundi, au usiingie.

Nijifunze programu gani za kompyuta?

HEC-HMS (mvua na mtiririko) na HEC-RAS (mwendo wa maji mtoni) za Jeshi la Wahandisi la Marekani, na QGIS (ramani). Zote ni bure. Ukizijua vizuri, pamoja na jedwali la kawaida la hesabu, zinakutosha miaka mingi. Kabla ya kuamini jibu la modeli, likadirie kwa mkono kwenye karatasi. Yakitofautiana mara tatu, usiandike ripoti.

Mabadiliko ya tabianchi yameharibu takwimu za zamani?

Hayajaziharibu, ila yamepunguza haki ya kuzitumia peke yake. Ziwa Viktoria lilishuka sana mwaka 2006, sababu ikiwa ukame pamoja na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, Uganda, mto Naili unapotoka ziwani. Mwaka 2020 likapanda kupita rekodi ya 1964. Ni miaka 14 tu. Mradi ujaribiwe kwa hali kavu kuliko ilivyowahi kurekodiwa, na utoro wa maji ujaribiwe kwa mafuriko makubwa kuliko yaliyowahi kurekodiwa. Ukiona mojawapo ya majaribio hayo haimo kwenye ripoti, irudishe.

Kazi ya porini ni salama? Na ni ya wanaume tu?

Ni ya yeyote aliye tayari. Baadhi ya wapimaji bora niliofanya nao kazi ni wanawake. Kuhusu usalama: jaketi la kuokolea kila unapoingia majini, kamba, mtu wa ukingoni, na mwenyeji anayejua viboko wanapopita. Maji yakifika juu ya magoti na yanakimbia, toka. Pima kutoka darajani au kwa boti. Mtiririko wa mafuriko haufai kufa kwa ajili yake.

Niko mwaka wa mwisho. Nichague mada gani ya mradi?

Chagua kituo kimoja cha kupima maji kwenye bonde la nyumbani kwenu. Nenda Bodi ya Bonde na barua ya chuo, omba takwimu zote za kituo hicho, kisha nenda kwenye geji yenyewe. Angalia kama bado imesimama wima, kama mto haujahama, kama alama zinasomeka. Pima mtiririko walau kiangazi mara moja na masika mara moja, ulinganishe na uhusiano wa kina na mtiririko unaotumiwa na ofisi. Andika ulichokuta, uiachie Bodi nakala, na daftari la msoma geji lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa hawajalifikia.